Kidole Gumba cha Fundi Swichi

Kufikia mwaka themanini na nne nilikuwa nimekula kwa miaka kumi na tisa mkate wa swichi moja. Ni kipande cha chuma kidogo kuliko punje ya haragwe, kinakaa juu ya shingo ya bunduki pale kidole gumba kinapotua. Hapa Suhl, mji wa mafundi bunduki Ujerumani, kila mtu ana kipande chake cha bunduki: huyu hutoboa mitutu, yule huchonga vitako vya mti wa jozi, mwingine huchora majani na paa kwenye chuma mpaka macho yanamtoka machozi. Mimi ni wa swichi za bunduki za mitutu mitatu. Ukiniuliza mimi ni nani nitakujibu Volkmar Döll, lakini kiwandani na nyumbani kwa wakwe zangu naitwa Fundi Swichi.

Bunduki yenyewe ni hivi. Juu ina mitutu miwili ya marisau, zile chembe nyingi ndogo zinazotawanyika kama mchele uliomwagika. Chini ina mtutu wa tatu, wa risasi moja, inayokwenda mbali na kupiga pale pale ulipolenga. Triga ni mbili tu, na ya mbele ndiyo inayotumikia mabwana wawili. Swichi ikiwa nyuma, triga hiyo inatoa marisau. Ukiisukuma mbele, inatoa risasi.

Nilikuwa nikiisifu bunduki hii kila penye watu, hasa mezani kwa baba mkwe, Hilmar Langguth, bwana misitu mstaafu, mzee wa miaka sabini na minne asiyesifu kitu chochote.

"Asubuhi unatoka, hujui utakutana na nani," nilimwambia Jumapili moja, madonge ya viazi yakiwa bado yanatoa moshi. "Sungura akikurupuka, marisau. Nguruwe mwitu akitokea, risasi. Kicheche juu ya mti, marisau. Paa kule ng'ambo ya bonde, risasi. Mtu mmoja, bunduki moja, hakuna mnyama wa kukucheka."

"Mitutu mitatu, akili moja," alijibu. "Hapo ndipo mnapokwama."

"Ndiyo maana kuna swichi, Baba."

"Ndiyo maana kuna wewe, unataka kusema. Kula donge lako, fundi, linapoa."

Mke wangu Roswitha alicheka. Alizoea, tulikuwa tukirudia mchezo huo tangu tuoane. Na kusema kweli mimi ndiye niliyekuwa na hoja. Siku zile za Ujerumani Mashariki hakuna mwindaji wa kawaida aliyelala na bunduki nyumbani. Zilifungiwa kwenye ghala la chama cha wawindaji, unakwenda, unatia sahihi, unapewa moja, jioni unairudisha. Mtu anayepewa bunduki moja tu kwa siku anataka moja inayofaa kwa kila kitu. Watu waligombania za mitutu mitatu, na mimi nikitembea ghalani nilijiona kama baba kati ya wanawe.

Mzee Hilmar alikuwa na jambo moja tu alilolipenda bila kunung'unika, nalo lilikuwa jogoo wa mwitu wa Hohe Leite, msitu wa kilimani aliousimamia.

Si jogoo wa uani. Ni ndege mkubwa kama bata mzinga, mweusi, kifua kinang'aa kijani, na juu ya jicho ana ngozi nyekundu. Anaishi kwenye misonobari mizee yenye vichaka vya beri chini yake. Majira ya kuchipua, alfajiri, anaimba na kuwachezea mitetea, na mitetea hawaji popote pengine ila pale pale walipokuja mama zao. Mzee alipopewa msitu ule mwaka thelathini na nane alihesabu majogoo thelathini na mmoja. Aliporudi kutoka vitani, kumi na tisa. Tulipooana mimi na Roswitha, saba. Miti mizee ilikatwa, mipya ikapandwa imebanana, mvua za Juni zikaua vifaranga, na mbweha wakazidi. Mwaka huo wa themanini na nne alibaki jogoo mmoja, na mitetea watatu.

Mwezi wa Aprili mzee alikuja nyumbani kwetu kwa miguu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alivua kofia, akaweka mezani manyoya matatu ya kahawia.

"Mitetea walikuwa wanne," alisema. "Nimeyakuta haya mdomoni mwa shimo la mbweha. Jike, ana watoto. Atarudi kwa wengine, na atarudi kwa jogoo, kwa sababu yule akiimba hasikii."

Ndivyo alivyo ndege huyo. Wimbo wake unaanza kwa kugonga-gonga, unafuata mlio kama kizibo kinachotoka kwenye chupa, halafu ananoa, kama mtu anayenoa fyekeo. Wakati wa kunoa anakuwa kiziwi kabisa. Ni sekunde tatu au nne, lakini mbweha naye anajua kuhesabu.

"Ofisi ya misitu imenipa kibali cha kumpiga mbweha," mzee aliendelea. "Mikono yangu hii haifai tena." Aliinyanyua tuione, ikitetemeka. "Njoo wewe. Njoo na hilo dude lako la mitutu mitatu."

"Umelikubali leo?"

"Kibanda changu kiko hatua kumi na tano kutoka kwenye njia yake. Akipita njiani, marisau yatamtosha. Lakini akizunguka juu, atatokea kule kwa jogoo, hatua hamsini na zaidi, na hapo itatakiwa risasi moja ya uhakika. Sijui atapita wapi. Basi, nimelikubali. Usinifanye nirudie."

Nilifurahi. Nasema ukweli: yule jogoo wa mwisho wa nchi yetu alikuwa hatarini, na mimi nilifurahi kwa sababu mzee amekubali kuwa bunduki yangu ina maana.

Tulikaa kibandani tarehe kumi na tisa, alfajiri, baridi ikituuma magoti. Mimi nilikuwa na bunduki yenye darubini, mitutu yote mitatu imejaa. Jogoo alianzia juu ya msonobari. Tulimsikia kabla ya kumwona. Kulipopambazuka akashuka chini, akatandaza mkia, akaanza kutembea huku na huku kwenye theluji chakavu, shingo juu, akiimba. Mitetea hawakuwa wamefika. Ilikuwa mapema bado. Huja siku za mwisho za mwezi.

Nilijisemea kuwa kukicha hivi mbweha atapita juu. Nikasukuma swichi mbele. Nakumbuka vizuri, nilisikia kile kimlio chake kidogo. Risasi.

"Nipe nimwone," mzee alininong'oneza. "Darubini yangu imepata ukungu."

Nilimpa bunduki. Akaiegemeza dirishani, akatazama kwa muda mrefu. Sijui aliona nini mle. Mikono ilikuwa ikitetemeka lakini mabega yalitulia, na alipoirudisha macho yake yalikuwa na maji.

"Mzuri mno," alisema. "Hajui kuwa yuko peke yake."

Haikupita dakika mbili, mbweha akatoka juu, kwenye beri. Alikuja tumbo chini. Jogoo akigonga-gonga, mbweha anaganda. Jogoo akinoa, mbweha anasogea. Hatua nne, anaganda. Hatua nne tena.

"Sasa," mzee alisema.

Niliachia kizuizi cha usalama kilicho ubavuni, nikaweka msalaba wa darubini begani kwa mbweha. Alikuwa hatua mbili tu nyuma ya jogoo, lakini kwa risasi moja hatua mbili ni uwanja mpana. Nikavuta triga ya mbele.

Sauti ilikuwa mbaya. Kila mtu wa kazi yetu anazijua sauti hizo mbili hata akiwa usingizini. Ile ya risasi ni kavu. Hii ilikuwa nene.

Marisau yakitoka hatua hamsini yanafika yametanda kuliko meza ya kulia. Mbweha aliruka, akajing'ata ubavuni, akakimbia. Jogoo alikaa chini taratibu, kama aliyechoka. Chembe moja ilikuwa imempata nyuma ya jicho. Moja tu. Mwilini hakuwa na nyingine.

Sikuhitaji kuangalia swichi, lakini niliangalia. Ilikuwa nyuma.

Nitaeleza, maana nimelieleza mara nyingi na bado sijashiba kulieleza. Kiwandani bunduki haivuki kutoka meza yangu kwenda meza ya pili swichi ikiwa mbele. Ni sheria: lazima irudi nyumbani, nyuma, ili anayepokea ajue anapokea nini. Mara mia kwa siku naivuta nyuma kwa kidole gumba huku mkono ukimpa mwenzangu, na akili yangu iko kwenye sigara. Miaka kumi na tisa. Pale kibandani, mzee aliposema nipe nimwone, mkono wangu uliivusha bunduki kama unavyoivusha kila siku. Iliporudi kwangu sikuikagua. Darubini ilikuwa imeficha kikono kidogo cha shabaha juu ya mtutu, kinachoinuka swichi ikiwa mbele, na mimi, fundi mwenyewe, nilijiamini.

Tulitoka. Mzee alitembea mbele, wima. Alipiga magoti karibu na jogoo, akamfunika jicho kwa kidole. Akavunja kijiti cha msonobari, akakitia mdomoni mwa ndege: tonge la mwisho, ndivyo tunavyowafanyia tuliowaua. Kisha akavunja kijiti cha pili, akakigusisha kwenye damu, ambayo wawindaji wa kwetu huita jasho. Akavua kofia yake, akakiweka juu yake, akaninyooshea.

"Baba, usinifanyie hivyo," nilisema.

"Umemwangusha wewe. Ni wako. Kipokee."

"Siwezi."

"Mwanangu, mimi sikukejeli. Nimefanya hivi kwa kila mnyama tangu nikiwa na miaka kumi na sita. Huyu nimnyime kwa nini? Amekosa nini?"

Nilikipokea. Nikakichomeka kofiani upande wa kulia, panapostahili, tukashuka kilima, yeye akiwa amembeba jogoo kwenye makoti yetu mawili. Aliingia kwake kwa mlango wa nyuma. Mimi niliendelea mpaka kwetu, na Roswitha alikuwa dirishani. Aliona kijiti.

"Mmempata basi," alisema kwa furaha, akifungua mlango. "Namshukuru Mungu. Baba hakulala siku nne. Ingia, nimekuwekea kahawa."

Nilimwambia nikiwa bado mlangoni. Alirudi ndani akakaa kwenye sanduku la kuni na aproni yake, na kahawa ilipoa pale pale ilipokuwa.

Jioni nilikwenda kwa mzee kumweleza habari ya kidole gumba. Nilichukua na swichi moja ya mfano kutoka kiwandani nimwonyeshe.

"Unanisitiri," alisema kabla sijamaliza.

"Sikusitiri. Mkono wangu ndio ulioivuta. Ni mazoea ya kazi."

"Mimi ndiye niliyeomba bunduki. Mimi ndiye mwenye mikono hii. Nimeishika, nimeitetemesha, swichi imerudi. Mtu anayetengeneza swichi hawezi kuikosea."

"Baba, swichi haiwezi kurudi kwa kutetemeka. Inataka kuvutwa. Jaribu mwenyewe."

Alikishika kile chuma. Vidole vyake vilicheza juu yake, na chuma hakikusogea hata kidogo, kwa sababu nilikitengeneza vizuri. Alinirudishia.

"Leo wala sikumtazama vizuri," alisema. "Nilikuwa nalia kama mtoto. Ningekaa kimya tu. Miaka arobaini na sita namwona bila darubini ya mtu."

Nilimweleza tena kesho yake, na wiki iliyofuata. Niliapa. Nilimkasirikia, nikamwambia makosa ni yangu na asininyang'anye. Alinisikiliza kwa adabu kama anavyosikilizwa mgeni, kisha akauliza kama Roswitha hajambo. Nilidhani jambo baya kuliko yote ni kulaumiwa, na nilikuwa nimejiandaa kwa hilo.

Siku za mwisho za Aprili mitetea walifika Hohe Leite. Tuliwaona mimi na mzee, tukiwa kibandani bila bunduki. Walitua juu ya misonobari, watatu, wakashuka, wakatembea pale palipokanyagwa na jogoo. Walikuwa wakilia polepole, kok, kok, na kusimama, na kulia tena. Walikaa mpaka jua likatoka. Kesho yake wakarudi. Walirudi siku tisa, halafu wawili wakatoweka. Mzee aliandika kila siku kwenye daftari lake: mitetea watatu, jogoo hakuna.

Tarehe kumi na moja Mei akamkuta yule wa tatu chini ya shina la msonobari ulioanguka, anaatamia. Alikuwa ametaga mayai saba.

Mzee alikuja kuniambia na uso wake ulikuwa umebadilika. "Huenda kuna mwingine," alisema. "Huenda kuna jogoo kijana ng'ambo kule, hatukumsikia. Wanatembea, unajua. Wakiwa vijana wanatembea mbali."

"Huenda, Baba."

"Siku ishirini na sita. Tarehe sita Juni, au saba."

Sikuamini, lakini nilihesabu naye. Nilianza kuamka kabla ya saa. Kiwandani niliharibu swichi tatu kwa wiki moja, na msimamizi akaniuliza kama ninaumwa. Mbweha hakurudi; sijui kama marisau yalimwua shimoni au yalimtia adabu. Kila siku ya pili mzee alikwenda akasimama mbali, nyuma ya jiwe, akamtazama mtetea kwa darubini yake. Yule mtetea hakutikisika. Mvua ya barafu ilimpiga, akakaa. Tarehe sita ikafika, na saba, na kumi.

Tarehe kumi na tisa mzee alinisubiri nje ya kiwanda. "Amekonda," alisema. "Hatoki hata kula. Siku thelathini na tisa leo. Atakufa pale. Nenda ukayatoe."

"Twende wote."

"Nitakuja. Lakini uyatoe wewe, mikono yangu itayavunja."

Tulikwenda. Mtetea aliniona, akajilaza zaidi, shingo chini, jicho limenikazia. Nilipiga magoti. Nilipitisha mkono chini ya kifua chake, naye akanidonoa mara moja kwa mdomo kisha akaacha. Mifupa yake niliihisi yote. Chini yake kulikuwa na joto, joto la ajabu, na mayai yote saba yalikuwa ya moto. Niliyatoa moja moja, nikayaweka kwenye kofia yangu. La mwisho nililitikisa sikioni, kama anavyofanya mama mkwe na mayai ya kuku wake. Maji yalipiga ndani. Viza, yote. Hayajawahi kuwa na kitu.

Mtetea alisimama, akayumba, akaingia kwenye beri. Mzee alisema ataanza kula sasa. Tuliyazika mayai pale pale, tukakaa kwenye jiwe kumngoja apotee.

Hakupotea. Baada ya nusu saa tulimwona anarudi kwa miguu, anasimama, anatembea. Alikagua tundu kwa jicho moja, kisha kwa jingine. Akaingia, akajizungusha, akatandaza manyoya ya kifua, akakalia majani matupu.

"Ni mimi, Baba," nilisema. "Nakuapia tena, ni mimi niliyevuta swichi."

Mzee hakugeuka. "Mimi umeniambia mara kumi," alisema. "Haya, mwambie na yeye."

Nilibaki na kofia mkononi, ndani yake mna jani kavu na unyoya. Mtetea alikuwa amefumba macho.